Asife Kabla ya Rufaa

Juma zima mmenisumbua kwa swali moja: je, ile nondo ilishuka?

Ilishuka.

Ilishuka juu ya mkono wa kulia wa Fundi, pale kwenye meza ya chuma ndani ya karakana ya gereza. Wanaume wawili walikuwa wamemkandamiza mabega, na wa tatu, nyampara wao, aliishusha kwa mikono yote miwili. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayevunja kuni mbichi.

Wewe uliyechelewa kuungana nasi, sikiliza upesi kabla mambo hayajachafuka zaidi. Fundi ni mchomeleaji wa mageti na madirisha. Amefungwa maisha kwa kumuua mlinzi wa ghala la mbao kwa nyundo. Nyundo ilikuwa yake, damu ilikuwa ya mlinzi, na shahidi aliyeapa kwamba alimwona akitoka nayo ghalani alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja. Jaji aliamini. Umebaki mlango mmoja tu: kukata rufaa kwa majaji wa juu. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kutoa taarifa hiyo, wakili yuko njiani na karatasi, na karatasi inataka sahihi.

Sasa umeelewa kwa nini walimvunja mkono.

"Haya, saini tuone," nyampara akasema huku akihema. Wafungwa walimwita Mundu, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umepinda na bado alikuwa anakata. "Rufaa inataka mkono, bwana. Na mkono wenyewe ndio huo."

Wale wawili wakacheka, wakamwachia mabega. Waliona kazi imekwisha.

Hapo ndipo walipokosea.

Fundi alimpiga kichwa aliyekuwa kulia kwake, pua ikapasuka kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Wa pili alipoinama kuokota nondo, alikutana na goti. Meno yakamwagika sakafuni kati ya vipande vya chuma, na mwenyewe akaanza kuyapapasa kama mtu aliyeangusha sarafu.

Mundu akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukuta ukamwambia basi.

Mnyororo wa kuinulia mageti ulikuwa ukining'inia hapo hapo. Fundi aliunyakua kwa mkono wa kushoto, akauzungusha shingoni mwa Mundu, akamtia goti la mgongo na kuvuta. Ulimi ukatoka. Uso ukageuka rangi ya ini.

"Nani kakutuma?"

Mundu akakoroma.

"Nani?"

Pembeni kulikuwa na mfungwa mmoja, mwizi wa mifugo, aliyekuwa akipiga msasa mguu wa kiti kana kwamba karakana ilikuwa tulivu kabisa. Alisema bila kuinua kichwa: "Kaka, legeza kidogo. Mtu aliyenyongwa hajibu maswali. Halafu ukimuua huyo, majaji utawaambia nini? Kwamba wewe si muuaji?"

Fundi akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa unavuta wenyewe. Ulikuwa unataka kuua, na ulikuwa unaona utamu. Tangu siku ya hukumu alikuwa amewaogopa askari, nyampara, hata giza la selo. Leo alijiogopa mwenyewe.

Akalegeza.

Mundu akakohoa, akatema damu. "Shemeji yako," akasema kwa sauti ya chura. "Kila akija kukuletea sabuni, huonana na mimi kwanza. Alisema iwe leo, kabla wakili hajafika. Alisema mkono wa kulia."

Filimbi zikalia mlangoni. Virungu vikaingia kabla ya askari wenyewe.

* * *

Wakili alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyowahi kumwamsha jaji usingizini katikati ya kesi. Alipoingia ofisini kwa Mkuu wa Gereza na kumwona mteja wake kwenye benchi, mkono umefungwa juu ya ubao kwa shuka lililochanwa, vidole vimevimba hadi huoni kipi kinaishia wapi, mkoba ulimwanguka.

"Nani kafanya hivi?"

"Kaanguka," akajibu askari aliyesimama mlangoni.

"Kaanguka mkono peke yake? Mwili wote ukabaki umesimama?"

Askari akatazama dari.

Mkuu wa Gereza, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aligonga meza. "Mama, maneno hayatusaidii. Mtu huyu anakwenda hospitali. Gari linanguruma nje."

"Leo ndiyo mwisho wa rufaa, Bwana Mkuu. Akitoka hapa hajasaini, atarudi na mkono mzima na mlango umefungwa."

"Na mkono ukioza?"

"Nisaini kwanza," Fundi akasema kutoka benchini. "Nitaoza baadaye."

Wakili akavuta kiti, akaketi karibu naye hadi magoti yakagusana. Sauti ile kubwa ikashuka.

"Kabla hujagusa karatasi hii, kuna jambo lazima ulijue. Mwendesha mashtaka kanipigia simu asubuhi. Anasema ukikata rufaa, na yeye anakata ya kwake. Walikushtaki kwa kuua kwa kukusudia. Jaji akasema hapana, huyu aliua bila kukusudia, ndiyo ukapata kifungo. Sasa wanataka majaji wa juu walirudishe lile kosa kubwa."

"Na adhabu yake?"

"Kitanzi."

Nje, mtu alikuwa akifagia ua. Walisikiliza ufagio.

"Kwa hiyo nikinyamaza," Fundi akasema polepole, "nitafia humu nikiwa kikongwe. Nikisema, huenda nikafa nikiwa na meno yangu yote."

"Au utoke. Sikudanganyi, mdogo wangu. Mlango wa rufaa hufunguka pande zote mbili. Haki ni yako. Hakuna wa kukulazimisha uitumie, na hakuna mwenye mamlaka ya kukunyima."

Fundi akafumba macho. Maumivu yalikuwa yamepanda hadi begani, jasho likimdondoka kidevuni. Alipoyafumbua, hakuwa akimtazama Wakili. Alikuwa akiitazama ile karatasi.

"Yule mlinzi alikuwa ananishikia ngazi nikichomelea geti la ghala," akasema. "Mzee wa watu. Nilikuwa nikimwambia asiangalie moto, ataharibu macho, na yeye anaangalia tu kama mtoto. Mimi nimpige nyundo? Wakili, Mundu katumwa na shemeji yangu. Kanitajia mwenyewe. Sasa niambie, mtu aliyesema kweli mahakamani, rufaa inamtisha nini?"

Wakili akaitazama saa yake.

"Lete karatasi."

"Mkono wa kulia hauwezi. Weka dole gumba la kushoto, sheria inakubali."

"Wino umekauka," yule askari akasema haraka mno. "Kidau kizima. Mpaka tuagize mjini."

Hapo kila mtu akamgeukia Mkuu wa Gereza. Nanyi pia, nawajua, mlishamhukumu zamani. Mlisema gereza hili limeoza kuanzia kichwani. Mkuu akaondoa miwani. Akainuka, akamwendea askari, akamzaba kofi lililorusha kofia hadi kwenye kabati.

"Siku hizi wino unakauka siku za rufaa tu?"

Akavuta mtoto wa meza yake mwenyewe, akatoa kidau kibichi, akakiweka mbele ya Fundi.

"Kazi niliyopewa ni kufunga watu," akasema. "Kufunga mahakama sikuagizwa na mtu. Weka dole, kijana."

Fundi akaweka. Dole likatoka jeusi, nene, limekaa sawasawa. Mkuu akagonga mhuri wa kupokea hapo hapo, kwa nguvu kama anayeua nge.

Rufaa imeingia! Shangilieni, lakini kwa kiasi, kwa sababu Wakili alikuwa amesimama ghafla, uso umekwisha rangi.

"Shemeji yako," akasema. "Dada yako kamwita buchani kwake mchana huu. Wapo wawili tu. Anataka kumbembeleza akafute ushahidi wake." Akameza mate. "Na mimi ndiye niliyemshauri."

* * *

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Dada wa Fundi alikuwa mzaliwa naye kweli kweli. Kwa miaka alikuwa ameshika bucha lake peke yake, akipasua mapaja ya ng'ombe kwa shoka huku akitaniana na wateja. Tangu siku ya hukumu utani ulikwisha. Alimpikia mumewe na kumfulia nguo, ila kitanda walichangia kama abiria wasiojuana.

Na bado, moyoni, alikuwa amemwekea mumewe akiba ya huruma. Alijiambia: aliona vibaya.

"Sikulaumu," alikuwa akimwambia mchana ule, akikata mbavu juu ya gogo. "Kulikuwa na giza. Ulimwona mtu, ukadhani ni yeye. Nenda kaseme hivyo tu, mume wangu. Leo mdogo wangu anasaini rufaa."

Shemeji alikuwa ameketi juu ya kreti akichokonoa meno. Dereva wa lori, mtu wa maneno matamu, aliyejua majina ya watoto wa kila mteja.

"Mke wangu, unajichosha bure. Maji yameshamwagika. Rufaa ya nini? Kwanza atasaini kwa mkono upi?"

Shoka likasimama hewani.

Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana huteleza.

"Kwani mkono wake una nini?" Dada akauliza.

"Hee? Nimesema tu."

"Umesema mkono. Wakili kanipigia simu muda si mrefu, alikuwa hajafika hata kwenye geti la gereza. Hakuna aliyemwona mdogo wangu leo. Wewe umeujuaje mkono wake?"

Kijiti kikamwanguka mdomoni. Shemeji akatabasamu, tabasamu lile lile la kuuliza hali za watoto, akainuka taratibu, akaenda mlangoni. Akalivuta bati la mlango mpaka chini. Bucha likaingia kiza, ikabaki taa moja juu ya mzani.

"Ungeninyamazia tu," akasema. "Tungezeeka salama."

"Ni wewe."

"Alinikuta nikipakia mbao. Mzee mpumbavu, akaanza kuniita jina langu kwa sauti. Nyundo ya mdogo wako ilikuwa ndani ya lori, aliisahau siku aliponichomelea bodi. Nilimpiga mara moja. Akawa bado ananiita." Akainua mabega. "Nikampiga tena."

Dada akalishusha shoka.

Alilenga bega, lakini Shemeji aliruka na shoka likazama kwenye gogo likanasa. Kabla hajaling'oa, mumewe alikuwa ameshika kilemba chake pamoja na nywele zilizokuwa ndani, akamgonga uso kwenye mzani. Sahani ya mzani ikalia kama kengele. Akamgonga tena. Damu ikamjaa machoni.

"Wewe utakuwa umeanguka," Shemeji akamnong'oneza. "Kwenye bucha kuna utelezi."

Alimzungushia mkono shingoni, akabana. Dada akarusha mikono nyuma, akashika hewa tupu, akashika hewa tupu tena, kisha akashika kitu cha baridi: mguu wa mbuzi kwenye ndoano. Aliung'oa pamoja na ndoano yake, akauzungusha juu ya bega bila kuona. Ukampata mumewe sikioni. Mkono ukalegea. Dada akageuka, akampiga wa pili katikati ya uso, na wa tatu, na wa nne, akilia sasa, akiita jina la utotoni la mdogo wake kwa kila pigo.

Shemeji akateleza juu ya mafuta, akaanguka chali huku akipapasa gogo na meza, akiangusha visu na mifuko. Dada akamshika miguu. Mwanamke aliyezoea kuburuta nusu ya ng'ombe hashindwi na mume mzima. Alimburuta hadi chumba cha baridi, akamsukumia ndani kati ya nyama, akapiga komeo.

Kisha akakaa chini, akapangusa damu machoni.

Simu ikaita juu ya gogo. Alibonyeza kwa kidole chenye damu, akaiweka kwa sauti ya wote.

"Dada!" Ilikuwa sauti ya Wakili, kali hadi spika ikakwaruza. "Rufaa imepokelewa! Lakini mkimbie mumeo, sasa hivi! Ni yeye aliye..."

"Najua. Keshaniambia mwenyewe. Nimemfungia kwenye baridi."

Wakili akashusha sauti.

"Yu hai?"

"Nimempiga vibaya."

"Dada, nisikilize vizuri. Umesikia akikiri, lakini uliyesikia ni wewe peke yako, na wewe ni ndugu wa mfungwa. Majaji watakuonea huruma na kukupita. Mtu pekee anayeweza kuyafuta maneno yale ni aliyeyasema. Akifa humo, ushahidi wake unabaki ulivyo. Mdogo wako atanyongwa kwa maneno ya maiti. Mtoe. Mfunge kamba, mfunike blanketi, mpe chai, fanya lolote. Asife. Polisi nimeshawaita."

Dada akautazama mlango wa chumba cha baridi. Ndani kulikuwa kimya. Hakukuwa na kugonga, wala kusihi.

Akaanza kuokota visu vilivyoanguka, kwa mazoea tu. Kisu kikubwa kilikuwepo. Msumeno wa mifupa ulikuwepo. Kisu kile chembamba cha kutolea mifupa hakikuwepo.

"Dada? Bado upo?"

Akafungua komeo.

Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea paja la ng'ombe, uso umevimba, pumzi ikitoka kama moshi. Kisu chembamba kilikuwa mkononi mwake. Ncha yake haikumwelekea Dada. Ilikuwa imegusa shingo yake mwenyewe, chini kidogo ya sikio.

"Hao wanaokuja," akasema, "watakuta nini? Mume anatoka damu, mke ana damu hadi kiwikoni. Kaka muuaji, dada muuaji. Nani atakusikiliza tena? Mkwaruzo tu unatosha."

"Usifanye hivyo."

"Jamani!" Shemeji akapaza sauti, na sauti ilikuwa kubwa ya kutosha kutoka mpaka barabarani. "Nisaidieni! Mke wangu ananiua!"

Akavuta kisu.

Kile kilikuwa kisu cha bucha, kilichonolewa asubuhi ile ile, na mkono uliokishika ulikuwa unatetemeka kwa baridi. Mkwaruzo aliokusudia ukazama. Damu ikaruka ikachora ukuta, ikarudi, ikaruka tena. Shemeji akakitazama kisu kwa mshangao, kama mtu aliyebadilishiwa mzigo njiani.

"Mke wangu," akasema, na safari hii hakuwa akiigiza.

Dada alimrukia. Alikitupa kisu, akamlaza chini, akampandia kifuani na kukandamiza jeraha kwa viganja vyote viwili. Damu ilikuwa ya moto katika baridi ile, ikimpenya kati ya vidole. Alimchukia mtu huyu kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote duniani, na alikuwa akimkandamiza kwa nguvu zake zote ili asife.

"Pumua," akamwambia. "Pumua, mbwa wewe. Utapumua mpaka mbele ya majaji."

Bati la mlango likapigwa mara moja, mara mbili, likang'oka. Mwanga ukaingia, na watu nyuma ya mwanga: muuza viatu wa jirani, makuli, wateja waliokuwa wakisubiri foleni nje. Wakaona nyayo za damu sakafuni. Wakazifuata hadi chumba cha baridi. Wakamwona mwanamke amemkalia mumewe kifuani, mikono yake miwili shingoni mwake.

"Anamnyonga!"

"Mtoeni!"

"Msinishike!" Dada akalia. "Nikitoa mkono anakufa! Akifa huyu, mdogo wangu amekwisha! Jamani, msinishike!"

Wanaume wanne wakamshika mabega, nywele, kiuno. Alimng'ang'ania mumewe shingo kwa nguvu zaidi, nao, walipoona vile, wakavuta kwa nguvu zaidi.

Wakamng'oa.

Damu ikaruka juu kama bomba lililopasuka. Macho ya Shemeji yakamtafuta mkewe katikati ya miguu ya watu, midomo ikijaribu kutamka neno, na hakuna hata mmoja kati ya wale waokoaji aliyeinama kulisikiliza. Wote walikuwa wakimpiga muuaji.

Na kule juu ya gogo, kati ya mbavu zilizokatwa nusu, simu ilikuwa bado inaongea peke yake.

"Yu hai? Dada, nijibu, yu hai?"